Gari la Bwana Afya

Burhani hakuwa na nia mbaya. Alikuwa dereva wa lori la kahawa, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa, na mchana ule alikuwa ameingia gereji kuziba pancha tu. Lakini alipokwisha kukaa juu ya tairi na kupokea kikombe cha chai, alisema jambo lililomwondolea fundi wake, Gamaliel, raha yote.

"Mchumba wako hajambo? Jana nilimwona kule Muhutwe."

"Huko Muhutwe alikuwa akifanya nini?" Gamaliel aliuliza bila kuinua uso.

"Amekaa kwenye majani kando ya barabara na yule Bwana Afya, wanakula ndizi mbivu. Gari wameliacha pembeni, milango wazi."

Gamaliel aliendelea kusugua mpira wa ndani wa tairi, ingawa mahali pa pancha palikuwa pameshakwanguka vya kutosha.

"Lilikuwa limeharibika?"

"Sijui mimi. Nilisimama nikawauliza kama wanataka msaada. Bwana Afya akasema hapana, ahsante, likipumzika litawaka lenyewe." Burhani akacheka mpaka chai ikamwagika. "Gari linalopumzika! Langu hili halijawahi kuniomba ruhusa ya kupumzika hata siku moja!"

Mafundi wote wakacheka. Gamaliel naye akacheka, kwa sababu asingecheka wangeuona wivu wake.

Miaka ile mkoa ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, na kwenda vijijini kuchanja watoto ilikuwa kazi ya kila juma. Land Rover ya idara ya afya ilikuwa imelala juu ya magogo ikingoja vipuri, kwa hiyo Rugemalira, Bwana Afya, alikuwa anatumia gari lake mwenyewe, kigari cha zamani cha rangi ya krimu alichonunua kwa mzungu mmoja wa misheni aliyekuwa anarudi kwao. Na nesi aliyepangwa kufuatana naye alikuwa Clotilda.

Clotilda wa Kaagya. Msichana mrefu, mwenye sauti ya chini na macho yasiyokimbia. Gamaliel alimpenda tangu siku alipokuja gereji kuuliza kama wanaweza kuunga mguu wa kitanda cha wagonjwa. Walikuwa wamekubaliana. Jumapili iliyokuwa inakuja, wazee wa Gamaliel wangetoka Kagondo kwenda Kaagya kupiga hodi rasmi na kupeleka posa kwa mama yake, Ma Ephrasia.

Ma Ephrasia hakuwa na haraka ya kuwafungulia. Alikuwa mjane Mkatoliki, mwenye kibanja kizuri cha migomba na kahawa, na hakuona kwa nini binti yake aolewe na Mlutheri mwenye mikono myeusi kwa grisi. Mara ya mwisho Gamaliel alipokwenda kumsalimu, mama huyo alimpa kahawa ya kutafuna, akamkaribisha vizuri kabisa, kisha akazungumza habari za Rugemalira mpaka jua likashuka. Jinsi anavyopiga magoti kanisani. Jinsi anavyomfikisha Clotilda mpaka mlangoni mvua ikinyesha. Jinsi mashati yake yalivyo meupe.

"Kijana yule, waitu, ana adabu," alisema Ma Ephrasia, akitumia neno la heshima la Kihaya huku akiangalia kucha za Gamaliel.

Na sasa Muhutwe. Na ndizi mbivu.

*

Alimngojea nje ya zahanati, chini ya mkaratusi, mpaka kazi ilipokwisha. Clotilda alipomwona uso wake uling'aa, halafu ukaanza kuzimika kadiri alivyokuwa anamkaribia.

"Kuna nini, Gamaliel?"

"Jana mlikuwa Muhutwe."

"Tulitoka Muleba. Gari lilizimika."

"Likawaka vipi?"

"Tulikaa, halafu likawaka." Aliona jinsi Gamaliel anavyomtazama. "Ndivyo linavyofanya. Nilikwambia. Linakwenda vizuri, halafu linaanza kukohoa, linashtukashtuka, linazima. Tukikaa kidogo linawaka kama kwamba hakuna kilichotokea."

"Clotilda, gari lile nimelifungua kwa mikono yangu. Nimesafisha kabureta. Nimebadilisha chujio. Pampu ya petroli nimeifungua nikaiangalia ngozi yake, nzima. Nimeliendesha mpaka Kagondo, hapa jirani, na kurudi. Halikukohoa hata mara moja."

"Kwangu linakohoa."

"Kwako."

Lile neno lilitoka vibaya kuliko alivyokusudia. Wauguzi wawili waliokuwa wanapita wakaacha mazungumzo yao.

"Sema unachotaka kusema," Clotilda alisema.

"Nasema gari bovu ni bovu. Halichagui mtu wa kumzimikia. Mwanamume akitaka kukaa na msichana wa watu kwenye majani, atasema nini? Atasema gari limezimika. Na baadaye, kiza kikikaribia, atasema limepona."

"Kwa hiyo Bwana Afya ni mwongo."

"Sijui."

"Na mimi?"

Gamaliel alinyamaza. Laiti angenyamaza mpaka mwisho! Lakini wivu ukasema kwa mdomo wake:

"Nitalipima gari hilo tena. Nikilikuta zima, wazee wangu hawatakanyaga Kaagya Jumapili."

Clotilda hakulia. Alikunja kofia yake ya unesi taratibu, akaiweka mfukoni.

"Na ukilikuta bovu?"

Hilo Gamaliel hakuwa amelifikiria.

"Kesho asubuhi tunakwenda Kimwani," alisema Clotilda. "Kiti cha nyuma hakina mtu. Njoo ulipime vizuri."

Akaondoka bila kumuaga, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kama wa mama yake.

*

Rugemalira alimpokea kwa mkono wa heshima. "Fundi! Umefanya la maana kuja. Gari hili limenichosha." Shati lake lilikuwa jeupe kweli. Sanduku la chanjo lenye barafu likawekwa nyuma, na Gamaliel akabanwa kando yake, magoti yakimgusa kidevu.

Walijaza petroli mjini wakaondoka. Na kuanzia hapo Gamaliel alipata mateso ambayo hakuwa ameyatazamia.

Hayakuwa mateso ya kuona wakishikana mikono, hawakushikana. Hawakuitana majina matamu. Rugemalira alimwita Clotilda "Sista", naye akamwita "Bwana Rugemalira". Yalikuwa mateso ya mambo madogo. Mlango wa upande wa Clotilda haukufunga sawasawa. Alijua kuuinua kidogo kabla ya kuuvuta, bila kufikiri. Kioo chake kilikuwa kinashuka chenyewe. Alijua kukibana kwa kipande cha kadibodi kilichokaa mahali pake maalumu. Barabara ilipofika penye korongo, Clotilda alishika dashibodi kabla gari halijawarusha. Alilijua gari lile kama mtu anavyolijua jiko lake. Walikuwa na dunia yao humo ndani, dunia yenye vumbi jekundu na mashina ya migomba yakipita dirishani, na Gamaliel alikuwa mgeni.

"Sista, tutaanza na watoto au wajawazito?"

"Watoto. Barafu haitatungoja."

"Haya."

Hayo tu. Lakini Gamaliel aliisikia ile "haya" jinsi ilivyokuwa laini. Alimwangalia Rugemalira kwenye kioo kidogo cha mbele, na mara moja macho yao yakakutana. Rugemalira ndiye aliyeyaondoa ya kwake kwanza.

Na gari likawa linakwenda. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Walipita Kemondo, injini inaimba. Wakateremka, wakapanda, injini inaimba. Kila kilima walichokipita bila kuzimika kilikuwa kama shahidi anayesimama mbele ya hakimu. Gamaliel alikuwa anaomba lizime. Alikuwa fundi, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anaomba gari liharibike.

Clotilda hakugeuka nyuma. Lakini Gamaliel aliziona kano za shingo yake zimekaza. Yeye naye alikuwa anaomba.

Walikuwa wanapanda kilima cha Muhutwe wakati injini ilipokohoa.

Ilikohoa mara moja, ikakaa sawa. Ikakohoa tena. Gari likashtuka mbele na nyuma kama mbuzi anayekataa kamba, likalegea, likazima. Rugemalira alilisogeza pembeni, akavuta breki ya mkono. Pakawa kimya. Ndege tu, na mtu anayekata kuni mbali.

Clotilda aligeuka. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na hakuyaficha.

"Haya, fundi," alisema. "Limezimika."

*

Gamaliel alishuka na spana zake, na moyo wake ulikuwa umegawanyika. Nusu ilitaka kupiga magoti mbele ya yule msichana. Nusu nyingine ilikuwa bado inanong'ona kwamba dereva anayelijua gari lake anaweza kulizima kwa mguu tu.

Alifungua boneti. Alifungua kabureta, akachungulia kikombe chake. Kikavu. Hapo mahali pa kukaa petroli palikuwa pakavu kama kikombe kilichooshwa kikaanikwa.

"Petroli haifiki," alisema. "Si umeme. Njaa ndiyo imeliua."

"Lakini tangi limejaa," alisema Rugemalira. "Tumejaza leo."

"Najua."

Basi ama pampu haivuti, ama njia imeziba. Gamaliel alifungua bomba linaloleta petroli kwenye pampu kutoka tangini. Alitegemea ama tone, ama bomba kavu lililoziba kwa uchafu. Alichokipata kilimshangaza. Alipoweka kidole kwenye mdomo wa bomba ili kupangusa, bomba likamvuta kidole. Lilimnyonya, taratibu lakini kwa nguvu, kama mdomo wa ndama.

Alikiondoa, akakirudisha. Likamvuta tena.

"Nini?" aliuliza Clotilda, aliyekuwa amekuja kusimama karibu.

"Bomba linatakiwa kutoa. Hili linavuta." Aliliziba kwa kidole gumba, akafikiri. "Kuna kitu tangini kinaishikilia petroli isitoke. Bwana Rugemalira, likizima huwa unafanya nini?"

"Nangoja tu."

"Hapana," alisema Clotilda. "Hungoji tu. Kila mara unafungua tangi."

"Ah, hilo. Napima kama petroli ipo. Naingiza kijiti."

"Unafungua, unapima, unafunga. Halafu tunakaa, halafu linawaka." Clotilda alimtazama Gamaliel. "Nilikuwa nafikiri linawaka kwa sababu tumekaa. Labda ni kwa sababu amefungua."

Gamaliel alimwangalia kwa namna ambayo hakuwa amemwangalia tangu jana.

"Nenda ukafungue wewe," alimwambia. "Polepole. Usikilize."

Clotilda alikwenda nyuma ya gari, akashika kifuniko cha tangi akakizungusha. Na wote watatu wakasikia: *fyuuuu*, pumzi ndefu ikiingia ndani, kama mtu aliyekuwa chini ya maji amepata kutoa kichwa.

Kwenye kidole gumba cha Gamaliel bomba liliacha kuvuta.

"Ni hewa," alisema, na bila kutaka alitabasamu. "Petroli ikitoka tangini, hewa lazima iingie mahali pake. Hewa isipoingia, tangi linaing'ang'ania petroli yake, na pampu inavuta bure. Mjini huoni kitu, kwa sababu safari ni fupi. Ndiyo maana kwangu halikuzima. Ukienda mbali ndipo linapokabwa." Alirudisha bomba, akakaza. "Washa."

Rugemalira alipiga stata. Injini ikatafuta, ikatafuta, ikawaka.

"Nililisema," alisema Clotilda kwa sauti ndogo. "Nilisema linakohoa."

"Ulisema," alijibu Gamaliel. "Nisamehe."

Kama angeacha hapo, mambo yangekwisha vizuri. Lakini fundi hawezi kuacha kuuliza kwa nini. Alichukua kile kifuniko, akakigeuza. Vifuniko vya namna ile vina kitundu kidogo cha kupitisha hewa. Kitundu kilikuwepo, lakini kilikuwa kimeshindiliwa kitu kigumu cha rangi ya manjano. Alikichokoa kwa ncha ya bisibisi, akanusa.

"Sabuni. Sabuni ya kufulia. Mtu ameziba."

Aliwatazama wote wawili.

"Nani ameweka sabuni hapa?"

"Mimi," alisema Rugemalira.

Damu ilimpanda Gamaliel kichwani. Kwa hiyo alikuwa na haki! Gari lilizimika kweli, lakini lilizimishwa! "Uliziba wewe mwenyewe! Ili lizimike! Ili ukae naye kwenye majani..."

"Sikujua kwamba litazimika!" Rugemalira alipaza sauti kwa mara ya kwanza. "Mimi si fundi. Tundu lile lilikuwa linamwaga petroli. Tukikata kona tangi likiwa limejaa, inamwagika, na harufu inaingia ndani yote. Nikaziba. Basi."

"Harufu ya petroli? Mwanamume mzima unasumbuliwa na harufu ya petroli?"

Rugemalira aliangalia chini, akafuta vumbi lisilokuwepo kwenye shati lake.

"Si mimi," alisema. "Sista ndiye inamsumbua. Alikuwa anatapika. Kila tukifika kijijini anaenda nyuma ya migomba anatapika, halafu anarudi anafanya kazi kama kwamba hajambo. Hakulalamika. Ila mimi nilimwona."

Injini ilikuwa bado inaunguruma. Clotilda alikuwa amesimama na mkono mdomoni.

Gamaliel aliyasikia yale maneno yakiingia ndani yake moja moja. Aliziangalia nguo zake mwenyewe. Petroli ilikuwa imeingia kwenye mikono yake, kwenye kola, kwenye nywele. Kila jioni alikuwa anakwenda kwa Clotilda hivyo.

"Hukuniambia," alimwambia Clotilda.

"Ningekwambiaje? Mama anaisema mikono yako kila siku. Nami nije nikwambie harufu ya kazi yako inanitapisha? Ungefikiri nakudharau."

"Huyu alijua."

"Huyu hakuambiwa. Aliona."

Kati ya maneno yote ya siku ile, hilo ndilo lililomchoma Gamaliel ndani zaidi. Akamgeukia Rugemalira.

"Unampenda?"

"Gamaliel!" Clotilda alisema.

"Namuuliza yeye. Unampenda?"

Rugemalira aliinua uso. Alipojibu, hakujibu kwa hasira.

"Ana mchumba. Sijawahi kumwambia neno, wala sikukusudia kumwambia. Lakini umeniuliza, na mimi sisemi uongo. Ndiyo."

Clotilda aliwaangalia wote wawili, huyu kisha yule.

"Mmemaliza? Mnaulizana juu yangu kama mnaulizana bei ya ndizi, na mimi nimesimama hapa. Huyu anafungua gari ili ajue kama mimi ni mwaminifu. Huyu ananipenda kimyakimya kwa sabuni. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi." Akaingia garini, akainua mlango, akauvuta. "Barafu inayeyuka. Kimwani kuna watoto. Twendeni."

Walipanda, gari likaendelea na safari mpaka Kimwani.

*

Kazi ilikuwa nyingi. Kina mama walikuwa wamejaa uwanja wa shule, watoto mgongoni, na Clotilda alichanja bila kupumzika. Gamaliel aliketi kando na kumtazama. Hakuwahi kumwona kazini. Aliona jinsi alivyokuwa anashika mkono wa mtoto kwa vidole viwili, akimwuliza jina kwa Kihaya, na mtoto akiwa bado anafikiri jibu, sindano imekwisha. Aliona pia Rugemalira anavyompa pamba kabla hajaiomba. Wivu ulirudi, ukamkaa palepale. Lakini sasa ulikuwa umechanganyika na aibu, na hakujua kipi kinauma zaidi.

Jua lilikuwa limeinama walipokuja watu mbio, wamebeba machela ya mianzi. Juu yake alikuwa mwanamke kijana aitwaye Kokwijuka. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana na mtoto hatoki. Clotilda alipiga magoti, akampima kwa mikono, akainuka.

"Mtoto amelala upande. Hapa siwezi. Lazima afike hospitali ya misheni Muleba, na mapema."

Gari likaletwa. Mgonjwa akalazwa kiti cha nyuma, Clotilda akabanana naye huko amshike. Mama mkwe wa mgonjwa akakaa mbele, kwa sababu hakukubali kuachwa. Ikabaki nafasi moja tu, nayo ni ya dereva.

Rugemalira alimwendea Gamaliel, akamnyooshea ufunguo.

"Endesha wewe, fundi. Mimi nitalala kwa mwalimu hapa."

Gamaliel aliupokea. Alihisi uzito wake kiganjani, na alihisi furaha mbaya ikimpanda: kwamba yule mwingine ndiye anayebaki, na yeye ndiye anayekwenda na Clotilda. Alifika mpaka kwenye mlango wa dereva. Kisha akasimama.

"Njia ya mkato ipo?" aliuliza.

"Ipo. Inapita bondeni. Kuna madaraja mawili ya magogo, la pili lazima uliingie kwa upande wa kushoto, magogo ya kulia yameoza. Halafu njia panda, usifuate ile pana."

"Umepita mara nyingi?"

"Mara nyingi."

Ndani ya gari Kokwijuka alipiga kelele. Clotilda alikuwa anamfuta uso. Aliinua macho, akamwona Gamaliel amesimama na ufunguo. Alingoja tu.

Giza lilikuwa linakuja. Njia hiyo hakuwahi kuipita.

Gamaliel akageuka, akamrudishia Rugemalira ufunguo.

"Nenda wewe," alisema. "Unaijua njia. Kitundu nimekizibua, halitazima tena. Petroli ikinuka, fungueni vioo."

Rugemalira alimtazama. Kisha akaingia, akawasha, na lile gari dogo likateremka kilima bila kukohoa hata mara moja. Gamaliel alilitazama mpaka taa zake zikapotea kwenye migomba. Yeye mwenyewe ndiye aliyelitengeneza. Kwa mikono yake aliwatengenezea njia.

*

Asubuhi alipata lori la ndizi likamfikisha Muleba. Safari nzima alikuwa na swali moja mdomoni, akalitafuna mpaka likawa chungu: mlikaa wapi, mlizungumza nini, alikwambia nini, ulimjibu nini. Alijua atauliza. Alijua kwamba akimwona tu, litatoka.

Alimkuta Clotilda ameketi kwenye ngazi za hospitali ya misheni, miguu ameinyoosha, gauni la kazi limekunjamana. Macho yalikuwa mekundu kwa kukesha. Lile gari halikuwepo.

Alikwenda akasimama mbele yake. Swali likafika kwenye ulimi.

"Yule mama," alisema Gamaliel. "Amepona?"

Clotilda alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyejiandaa kupigwa na sasa hajui afanye nini na mikono aliyoinua kujikinga.

"Amepona. Daktari alimpasua. Mtoto wa kike, analia kama honi."

"Vizuri." Akaketi ngazi ya chini yake, mbali kidogo. "Vizuri sana."

"Huniulizi gari liko wapi?"

"Hapana."

"Huniulizi habari za Rugemalira?"

"Nataka kuuliza," Gamaliel alikiri. "Nimetaka njia nzima. Lakini sitauliza. Utaniambia ukitaka, na usipotaka, basi."

Clotilda aliangalia mikono yake.

"Aliniambia. Tulipomkabidhi mgonjwa kwa daktari, aliniambia yote, akaniomba nifikiri. Ni mtu mzuri, Gamaliel. Mama angefurahi. Nilikaa hapa nikafikiri kweli, sikudanganyi. Nilikuwa na hasira na wewe mpaka nikataka kukubali."

Gamaliel alishika ukingo wa ngazi.

"Kisha nikakumbuka ulivyokuwa umesimama na ule ufunguo. Nilikuona, ulikuwa unataka kuja. Ulishafika mlangoni, ukarudi. Yeye kunipenda hakumgharimu kitu, mpaka usiku wa jana hakuwa hata ameomba. Wewe jana ulilipa." Akafuta pua kwa kiwiko, kama mtoto. "Nimemwambia hapana. Ameondoka alfajiri."

Gamaliel alifunika uso kwa mikono, na mabega yake yakatikisika. Clotilda alimwacha mpaka akatulia.

"Sikiliza, bado sijamaliza. Siku nyingine ukitaka kujua kama nasema kweli, uniulize mimi. Usiulize injini."

"Sitaiuliza."

"Na Jumatatu tunakwenda Kamachumu kuchanja. Mimi na yeye, gari lilelile. Kazi ni kazi, na watoto hawana kosa. Utaweza?"

Hilo lilimpata pale pale palipokuwa bado pabichi. Aliona kioo cha kadibodi, mlango wa kuinua, ile "haya" laini. Wivu haukuwa umekwenda popote. Alivuta pumzi.

"Itaniuma," alisema. "Lakini nenda. Mwambie apitishe gari gereji Jumamosi, nimwangalizie breki. Kile kilima cha Kamachumu si cha mchezo."

Clotilda alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kikachanganyika na machozi, na mtawa aliyekuwa anapita na beseni akasimama kuwaangalia.

"Na wazee wangu?" Gamaliel aliuliza, kwa woga. "Jumapili?"

Clotilda aliinuka, akajikung'uta gauni, akateremka ile ngazi moja iliyokuwa kati yao, akaketi kando yake.

"Waje," alisema. "Lakini waje mapema, kabla mama hajarudi kutoka misa. Nataka awakute wameshakaa ndani."